Kishikwambi Kisichoshikika

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzoni utacheka, kwa sababu kila ninayemwambia kwamba nyumba yetu imeingia ugomvi juu ya ukubwa wa kishikwambi ananicheka, dada wa mapokezi kazini kwetu alicheka mpaka akapaliwa na chai, lakini mimi maji yamenifika shingoni, maana katika kuhangaika na kioo hicho nimemkosea mtu mzima ambaye hata sauti ya kunigombeza hana.

Mama yangu ana miaka sabini na mmoja, na miaka ishirini na sita ya maisha yake aliitumia kiwandani akishona mashati pamoja na dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa. Walikuwa kwenye ukumbi mmoja wenye cherehani za umeme zaidi ya mia mbili, kelele yake ukipiga ukelele mwenyewe hujisikii, kwa hiyo wanawake wa mle ndani walijifunza kuongea kwa midomo na vidole, mtu yuko huku na mwenzake yuko safu ya tatu na wanasengenyana vizuri kabisa msimamizi akiwa katikati yao. Mpaka leo mama akiongea na mtu humkazia macho mdomoni, mume wangu siku ya kwanza kuja nyumbani alijifuta mdomo mara tatu akidhani ana mabaki ya chakula.

Mama mkubwa aliolewa nchi nyingine, safari ya siku mbili ambayo magoti ya mama hayaiwezi tena, na mwaka juzi aliugua koo, akafanyiwa upasuaji, akapona lakini sauti ikaondoka moja kwa moja. Sote tulilia isipokuwa mama. Alituambia, "Sisi tumeongea miaka ishirini na sita bila sauti, leo ndiyo itushinde?" Na kweli tangu hapo kila siku saa kumi alasiri walikuwa wanapigiana video kwa simu ya mama, kimya kimya, mama anacheka mpaka anatoa machozi na sisi wengine tumekaa hapo hatuambulii kitu.

Shida ilianza na macho. Mama alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja likakaa sawa na la pili hivi hivi tu, na kile kisimu ni kidogo, ukiona mdomo huoni mikono, na midomo peke yake haitoshi, maana "mimi" na "bibi" na "pipi" mdomoni ni kitu kimoja, kinachotofautisha ni mkono. Siku moja mama mkubwa alisema "mimi naumwa", mama akaona "bibi anaumwa", akauliza bibi yupi tena, bibi yetu alishafariki miaka mingi, na wale wazee wakabaki wanatazamana. Tukakubaliana mimi na kaka yangu kwamba mama anunuliwe kishikwambi, na kazi hiyo nikapewa mimi kwa sababu ni karani wa stoo, kupima na kuandika ndiyo kazi yangu.

Mama alisema anataka kikae mezani, pale pale kwenye cherehani yake ya nyumbani, kati ya cherehani na ukuta. Basi nikachukua ile futi yake ya kupimia nguo, nikapima ile nafasi, nikapata inchi nane kamili, nikaenda dukani kifua mbele nikasema nataka kishikwambi cha inchi nane. Nilichopewa, mshauri, ni simu iliyonenepa kidogo. Nikakipima upana, hazifiki hata inchi tano, nikarudi dukani mbio kwa hasira nikisema nimeibiwa, na yule muuzaji, kijana mpole sana, akanieleza mbele ya wateja kwamba kioo hupimwa mshazari, kutoka kona hii ya chini hadi kona ile ya juu. Mimi mtoto wa fundi cherehani, mimi karani wa stoo. Niliona aibu nikashindwa hata kuomba nibadilishiwe, nikaenda nyumbani nikamwambia mama kwamba madaktari wa macho ndio wanaoshauri saizi hiyo kwa watu wa umri wake. Huo ni uongo wa kwanza.

Mama alijaribu. Mama mkubwa akisogea karibu mikono inapotea, akirudi nyuma ionekane mikono mdomo unakuwa kama punje ya choroko. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori na hapendi vitu vidogo, alipoona hivyo alicheka akasema kumbe mimi nilimnunulia mama kioo cha kupakia poda, na wiki hiyo hiyo akaja na lake, karibu inchi kumi na tatu, zito kama ubao wa kukatia nyama. Kwenye ile nafasi ya mezani halikuenea. Sasa mama ana dole gumba la kulia lililochoka kwa miaka ya mkasi, akalishika dude lile kwa mikono miwili, likalala kifuani, mama mkubwa akawa anaona dari yetu tu na paji la uso la mama. Mama akilishika kwa mkono mmoja ili aongee kwa mwingine linainama. Siku ya tatu likamponyoka likamwangukia mguuni, kidole kikavimba, naye akakaa chini akasema, "Kishikwambi gani hiki kisichoshikika?" Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Toka siku hiyo mimi na kaka tumenuniana. Yeye anasema kidogo changu ndicho kilichoharibu hamu ya mama, mimi nasema dude lake limemuumiza mama. Tukikutana kwa mama Jumapili mmoja yuko barazani na mwingine jikoni, na tunamtuma mama maneno kana kwamba yeye ndiye posta. Na mama, kwa kuwa hataki kumwaibisha mtoto yeyote, anasema vyote viwili ni vizuri, amevifunika kwa kitambaa, anasema vinapumzika. Kurudi kwenye simu hataki, anasema macho yamechoka. Wiki tatu sasa hajaonana na dada yake.

Sasa nakuja kwenye lililonileta kwako. Mama mkubwa huandika ujumbe kwenye simu ya mama, na mama hunipa mimi nimsomee nikipita kwake jioni, kwa sababu herufi ni ndogo. Mwanzoni nilisoma kila kitu. Halafu siku moja mama mkubwa akaandika, mbona sikuoni mdogo wangu, nimekukosea nini, nami nikaona nikisoma hili mama ataumia, nikamwambia mama ni salamu tu, kisha nikajibu mimi mwenyewe kwa jina la mama kwamba niko salama dada, kazi ni nyingi. Kazi gani, mama hata pindo hashoni siku hizi. Basi nikaendelea hivyo hivyo, yeye anaandika, mimi najibu, mama hajui, mpaka wiki iliyopita alipoandika hivi: "Wananifungua tena koo tarehe kumi na nane. Mdogo wangu, kidole kidogo."

Mimi nikafikiri ana kidole kinachomuuma. Nikajibu, "Pole dada, tafuta dawa ya kuchua, kitapona tu." Na tangu hapo hajaandika tena.

Niliingiwa na wasiwasi, nikamuuliza mama kijanja tukiwa tunaosha vyombo, kwamba hivi kule kiwandani mtu akisema kidole kidogo alikuwa na maana gani. Mama akainua mkono wenye povu, akanyoosha kile kidole cha mwisho, akasema maana yake kazi imenizidi, njoo, na ukikiona kwa mwenzako unaacha mashine yako unahamia kwake hata kama msimamizi anakuangalia, hata kama utakatwa mshahara. Nikamuuliza kama mama mkubwa alikuwa anamwinulia mara nyingi. Mama akanitazama mdomoni.

"Dada? Hajawahi hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa namwinulia kila siku, na kila siku alikuja."

Mshauri, niliangusha sahani. Sijamwambia mama kitu. Hata habari ya operesheni hajui. Leo ni tarehe saba. Naomba uniambie, tutumie kishikwambi kipi, changu au cha kaka au tununue cha tatu, na je, kuna haja ya kumwambia mama nilichofanya, ama nimwandikie tu mama mkubwa kwamba ujumbe ule ulikosewa, mambo yaishe kwa amani? Nina miaka arobaini na minne, nina watoto watatu, na naogopa kama mtoto wa darasa la pili.

Mimi,
Karani wa Stoo

*

Karani wa Stoo, marahaba. Nilicheka mara moja tu, pale mumeo alipojifuta mdomo. Baada ya hapo sikucheka tena.

Tuanze na tarehe kwa sababu zinakimbia. Umeandika tarehe saba, barua imenifikia tarehe tisa, na gazeti hili litakuwa mkononi mwako tarehe kumi na mbili. Una siku sita. Ungekuwa na mwezi ningekubembeleza kwanza, lakini mwezi huna, kwa hiyo shika kalamu.

Pole, mwanangu. Nasema pole kwa moyo wote, kwa sababu najua hukufanya kwa ubaya. Ulitaka mama asiumie, kisha ukataka usiaibike, na hayo mawili yakichanganyika mtu hufika mbali bila kujiona. Lakini hebu jiangalie ulipofika. Dada mtu alinyang'anywa sauti na ugonjwa. Mdogo wake umemnyang'anya ya kwake wewe, kwa vidole vyako viwili na simu yake mwenyewe. Mtu mzima ameogopa, ameomba msaada kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na wewe umemwandikia habari ya dawa ya kuchua. Sasa hivi yuko huko akidhani hivyo ndivyo alivyojibiwa na mdogo wake. Nimeliandika hilo waziwazi ili usije ukaniambia kwamba mambo yaishe kwa amani. Amani ipi? Ya nani?

Na mama yako msimfanye mtoto. Umeficha ujumbe usimuumize, umeficha operesheni usimtie hofu, umemsingizia daktari wa macho ambaye hata hayupo. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na sita mbele ya mashine ya umeme, akisengenya chini ya pua ya msimamizi, unadhani atavunjika kwa kuambiwa ukweli na binti yake? Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake.

Haya, kishikwambi. Nimeusoma ugomvi wenu mara mbili, wewe na kaka yako, na ninachokiona ni watu wazima wawili wanaotetea risiti. Hakuna hata mmoja wenu aliyetazama jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika bila kulisoma. Mama yako anaongea kwa mikono. Mikono hiyo hiyo ndiyo mliyoipa kazi ya kushikilia kioo. Kiwe kidogo au kikubwa, kikiwa mkononi mwake mmemziba mdomo. Mama hakuwa anatania alipokiita kisichoshikika, alikuwa anawaambia kasoro ilipo, na nyinyi mkacheka.

Kwa hiyo acheni kabisa habari ya kushika. Kisimame chenyewe.

Ya leo, kabla hujamaliza hata kunisoma. Lile dude la kaka lina kosa moja tu, uzito, na uzito haumuumizi mtu likiwa juu ya meza. Kalichukue chini ya kitambaa, kalitie chaji. Lile halitaenea kwenye pengo la ukutani, ni pana, basi liweke kwenye meza ya chakula. Lisimamishe wima, yaani upande mrefu uende juu, kwa sababu likilala litaonyesha kuta za chumba na likisimama litaonyesha mtu kuanzia kichwani mpaka kiunoni, uso na mikono pamoja. Liegemeze kwenye kitu kizito kisichoteleza, na chini yake weka kitambaa kinene. Mama akae mbali nalo kiasi cha mkono ulionyooshwa, dirisha liwe mbele yake, maana dirisha likiwa nyuma yake dada ataona kivuli cheusi kinachopunga mikono. Mwambie na yule wa upande wa pili, kama kuna mjukuu au jirani huko, afanye vivyo hivyo na simu ya mama mkubwa. Hilo linatosha kwa leo na kwa siku zote sita. Msingoje duka.

Duka ni la baadaye, na hapo nina habari njema kwako. Futi yako haikukosea. Nafasi ni inchi nane na itabaki nane. Ulichokosea ni kuchukua upana wa tundu ukautaja dukani kama jina la kioo. Kishikwambi kinachoitwa cha inchi kumi, au kumi na moja hivi, kikisimama wima upana wake ni kama inchi saba. Kitaingia pale kati ya cherehani na ukuta, pale pale mama alipotaka tangu mwanzo, na kitabaki na nafasi ya waya wa chaja. Uzito wake ni kama nusu kilo, atakitoa mezani akipeleke kitandani bila kumsumbua lile dole gumba. Lakini usiniamini mimi, na usimwamini muuzaji hata akiwa mpole. Kata boksi. Kata vipande vitatu, kimoja saizi yako, kimoja saizi ya kaka, kimoja hicho cha katikati, ukipima mshazari safari hii. Visimamishe pale pengoni kimoja kimoja, mama akae kwenye kiti chake na miwani yake, achague mwenyewe. Nyie wawili mkae kimya, hata kukohoa msikohoe. Mshonaji anajua maana ya kumjaribisha mtu nguo kabla ya kukata kitambaa, na ninashangaa kwamba katika nyumba ya mshonaji mtu wa kwanza kutopimwa ni yeye.

Ukienda dukani nenda na mama, au nenda na kipande cha boksi alichochagua. Omba stendi ya mezani yenye kukubali kioo kisimame wima, kwa sababu makava mengi yanakubali kulala tu. Uliza kama watachukua hivyo viwili kwa kubadilishana. Wakikataa, chako kidogo mpe mtoto wako mmoja afanyie masomo na uumeze uchungu. Herufi ziwekwe kubwa kabisa, kubwa mpaka wewe uone kero, ili ujumbe wake mama ausome mwenyewe. Ukurasa wa mwanzo uwe na picha moja tu, sura ya dada yake, akiigusa simu inaita. Mengine yote yafichwe. Na kuanzia siku hiyo simu ya mama usiiguse isipokuwa kwa kuombwa.

Kaka yako mpigie wewe. Najua alikuita mnunuzi wa kioo cha poda, na kusema kweli lilikuwa tusi zuri. Mpigie hata hivyo, mwambie dude lake ndilo litakalotumika wiki hii. Atafurahi sana na atakuja mbio, na mtu wa kunyanyua meza mtakuwa mmempata.

Sasa lile ambalo ulitaka nikuepushie, sikuepushii. Kabla kioo hakijawashwa, keti na mama. Mkiwa wawili tu. Usianze na habari ya nia yako nzuri, nia yako ataiona mwenyewe baadaye. Chukua simu yake, msomee ujumbe wote wa wiki tatu, wa mama mkubwa na ule uliojibu wewe, neno kwa neno, na ile dawa ya kuchua usiiruke. Mwambie tarehe kumi na nane. Kisha nyamaza. Anaweza kukutolea maneno, anaweza kulia, na huenda akainuka bila kukujibu akaanza kutafuta miwani yake. Ikiwa hivyo, usimfuate na samahani zako. Mtafutie miwani.

Kumwomba radhi mama mkubwa utamwomba, ila zamu yako ni ya mwisho. Kwanza wale wawili. Piga simu, hakikisha sura imetokea na mikono inaonekana, mwone mama amekaa vizuri, kisha toka humo chumbani na ufunge mlango. Kaka yako naye atoke. Kaeni hapo nje pamoja, hata kama bado hamna la kuambiana. Na mkisikia kule ndani kumekuwa kimya, muda mrefu, kimya kabisa, msiingie kuangalia kama mtandao umekatika. Wanaongea.